Tumbo Lililosemwa ni la Mapacha

Mimba yangu ilikuwa ya miezi minne, lakini tumbo lilionekana la miezi saba. Wenzangu tunaouza nao mawese sokoni Rumonge waliamua ni mapacha. Mama mkwe akanunua vitenge viwili vinavyofanana, maana kwetu pacha havalishwi tofauti na mwenzake.

Kwenye ekografi, kile kipimo cha kuona mtoto tumboni, daktari alitazama picha kwa muda mrefu. Nikamsaidia: "Dokta, usihangaike, wako wawili."

"Mtoto ni mmoja, mama. Hiki kingine ni uvimbe kwenye ovari, na nadhani ni saratani. Tuutoe wiki hii. Mtoto anaweza kubaki, anaweza pia kutoka."

Nilibishana naye kama ninavyobishana na wanunuzi. Niliomba wiki kumi mtoto akue, nikashuka hadi nne, nikafika mbili.

"Mimi ningekupa," alisema. "Uvimbe ndio hautakupa."

Nilipasuliwa Ijumaa. Nilipozinduka nilimwomba muuguzi asikilize moyo wa mtoto. Akasema unapiga. Nikamwomba asikilize tena. Ulikuwa unapiga.

Kisha daktari akaja kuniambia kwamba saratani ilikuwa imeshasambaa, na dawa zake nitazipata mtoto akiwa bado tumboni. Nikamuuliza zinaanza lini. Sikumwomba hata siku moja ya kungoja.