Meno nyeusi ya Plamedi na bonbon ya mama mukwe

Leo bonbon moja ilinifunga kinywa.

Mutoto wangu Plamedi iko na alama nyeusi ku meno ya mbele.
Kosa niliweka yote kwa mama mukwe yangu anayeishi Makomeno, juu mutoto akienda kwake anarudia na bonbon mu kinywa. Nilimuambia hata mbele ya bantu.

Asubuhi tukaenda kwa munganga wa meno. Mama mukwe naye akatufwata.

Docteur akapitisha kachuma kake ku meno, polepole. Hakuna tundu. Akaniuliza:

«Mama, unamupatia dawa gani?»
«Sirop ya fer, docteur. Alikosa damu.»
«Njo ile. Inapaka meno, lakini haiko kuoza. Tutasafisha, itatoka. Dawa usiache.»

Mi nikaangalia chini.

Docteur akaongeza: alama ikiwa na tundu, ikizidi kupanuka, ao jino ikiuma na mayi ya baridi, mukuye kwangu mbio. Na musisugue meno na makala ya jiko.

Inje, mama mukwe akasimama mbele yetu. Akafungua sakoshi, akatosha bonbon, akapatia Plamedi, macho yake kwangu.

Weye ungefanya nini?

Mi nilimufungulia Plamedi karatasi ya bonbon.