Pampu ya Maji Katika Bafu Letu la Free Area

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe. Nimezunguka Dundori kwa zaidi ya miaka ishirini na sanduku la spana na mipira ya akiba. Mashine hizo hunyonya maziwa kwa sababu hewa imetolewa ndani ya bomba, na mvuto huo sisi mafundi huuita vakyumu. Kila mkulima mpya huwa namwambia jambo moja kabla ya mengine: tazama geji, ile saa inayopima mvuto. Vakyumu ikizidi, chuchu ya ng'ombe huvimba na kufanya pete ngumu, na ng'ombe hurusha teke. Nimelisema jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyosema salamu. Ilipofika zamu ya mwili wangu mwenyewe, nilifanya kama mtu asiyelijua.

Nilikuwa na miaka hamsini na minane nilipopatikana na saratani ya tezi dume. Ilikuwa bado changa, nikafanyiwa oparesheni hapa Nakuru, na saratani ikatoka. Nilirudi nyumbani mtaani Free Area nikiwa na shukrani nyingi na nepi za watu wazima ndani ya mfuko. Mkojo ulianza kushikika baada ya wiki kadhaa. Lakini mambo mengine ya kiume yalikuwa kimya. Niliamka kila asubuhi kama mtu aliyeazimwa mwili wa mwenzake.

Daktari wangu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, na hakuzunguka.

"Mzee, mishipa ya fahamu haikukatwa, lakini imeshtuka," aliniambia. "Inaweza kuchukua mwaka kuamka, hata miwili. Muda huo wote damu isipoingia, nyama itasinyaa. Nataka ununue pampu."

"Pampu ya nini?" niliuliza. Nilidhani amehamia mambo ya visima.

Alinichorea nyuma ya karatasi: bomba la plastiki, mpira wa kubana, mkono wa kutolea hewa. Uume unaingizwa ndani, hewa inatolewa, damu inavutwa. Dakika kumi kwa siku, polepole.

"Na siku nyingine uje na mama," akamalizia.

Nilimjibu kwamba mke wangu ana kazi nyingi sokoni. Ni kweli alikuwa akiuza viazi, lakini hiyo haikuwa sababu. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu jambo hili. Tangu nitoke hospitalini nilikuwa nalala chumba cha watoto, ambao wote wameshaondoka nyumbani, na kisingizio changu kilikuwa kwamba naamka mara nyingi kwenda msalani nisije nikamsumbua.

Nilisitasita hadi mwishoni mwa Mei, ndipo nikainunua pampu kwenye duka la dawa mjini, nikaificha chini ya mipira ya mashine ndani ya sanduku langu la kazi. Wiki ya kwanza nilifuata maagizo. Nilipoona nyama imejaa damu ndani ya lile bomba nilikaribia kupiga kelele za furaha. Kisha akili ya pupa ikaanza kunong'ona: kama dakika kumi zinafanya hivi, nusu saa itafanya nini? Nikaongeza muda, nikaongeza na nguvu. Ile pampu haikuwa na geji, na sikuitafuta yenye geji. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na pete nyeusi kwenye shina, na ngozi imevimba maji kama mkate uliolowekwa kwenye chai.

Mke wangu alinisikia nikigumia bafuni.

"Fungua huo mlango," alisema.

"Nakuja."

"Sijasema ukuje. Nimesema ufungue."

Nilifungua nikiwa nimejifunga taulo. Alilitazama lile bomba juu ya sinki.

"Hii umenunua kwa sababu ya nani?"

Nikaelewa anafikiria nina mwanamke mwingine. "Kwa sababu yako," nilimwambia. "Na yangu. Daktari ndiye aliniambia ninunue."

"Alikwambia lini?"

"Machi."

"Na sasa ni Juni." Alipindua ndoo, akaikalia. "Miezi yote hiyo unalala kwa chumba ya watoto, mimi najiambia huyu mzee amenichoka."

Nilimweleza kila kitu hapo hapo, yeye kwenye ndoo, mimi nimesimama na taulo. Nilimwambia nilivyoona aibu, na nilivyotaka kupona kwanza ndipo nimwambie, kama fundi anayetaka kuwasha mashine mbele ya mwenyewe ikiwa tayari. Mwishoni akasema nimwonyeshe. Amezaliwa kwenye shamba la ng'ombe, hakuna asichokijua kuhusu ngozi iliyoumia. Akatikisa kichwa.

"Hata ng'ombe wa watu hungemfanyia hivi. Kesho tunaenda kwa daktari. Sisi wawili."

Daktari alitusikiliza, akanipima, akanikemea. Nipumzike mpaka uvimbe uishe kabisa. Mimi usiku ule sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuhusu pampu zinazotumia maji badala ya hewa, nikamuuliza.

"Ziko," alisema. "Wanaozitumia wanasema ni laini zaidi, kwa sababu maji ya vuguvugu yanalegeza ngozi na yanashika sawasawa pande zote. Mimi sina ushahidi mkubwa wa kuwaonyesha kwamba ni bora kuliko za hewa. Lakini shida yako haikuwa hewa, mzee. Shida yako ilikuwa pupa. Ukiheshimu muda, sikukatazi ya maji."

"Naweza hata kuitengeneza mwenyewe," nilisema. "Nina vali, nina mipira..."

"Hapana!" walisema wote wawili kwa pamoja, daktari na mke wangu, kisha wakaangaliana kama watu waliojuana miaka.

Tuliagiza ya maji kutoka Nairobi. Ilikuwa bomba lenye mikunjo chini, kama shingo ya akodioni, na juu vali ndogo inayotoa maji bila kuyarudisha. Unalijaza maji ya vuguvugu, unajiweka ndani, unalikandamiza mwilini. Maji kidogo yanaruka kupitia vali, na ukiliachia, mikunjo inataka kurudi, ndipo linavuta. Nililiangalia kama fundi na nikaridhika. Hewa hutanuka, kwa hivyo unaweza kuvuta na kuvuta bila kuhisi umefika wapi. Maji hayatanuki. Ukitoa kijiko kimoja, unahisi kijiko kimoja.

Shida ilikuwa maji yenyewe. Sisi hatuna bafu la kulala ndani kama la hoteli, na mfereji wetu hutoa maji siku unazotaka wenyewe. Mke wangu alichemsha sufuria kwenye gesi, akachanganya na ya tangi ndani ya beseni, akapima kwa kiwiko. Siku ya kwanza nilikandamiza kwa nguvu na maji yakaruka mpaka kwenye balbu. Taa ikazimika. Nilisikia mke wangu akicheka nje ya mlango, na mimi nikacheka gizani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja tangu ile saratani itajwe.

Tukajiwekea saa: jioni akishatoka sokoni, mimi nikishanawa grisi. Alikaa nje ya mlango na simu mkononi.

"Dakika tano. Toa. Pumzika."

"Bado moja."

"Toa, nimesema."

Nilitoa. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anayeumia si mwamuzi mzuri wa muda wake. Julai kulikuwa na baridi kali na maji yakakatika siku tisa mfululizo. Nilibeba mitungi kutoka kisima cha jirani, ambaye aliniuliza kama tumeanza kufuga samaki. Nilimwambia tunaoga sana. Kuna siku nilirudi kutoka Dundori nimechoka, nimekanyagwa na ng'ombe, nikasema leo hapana. Mke wangu hakujali. Aliwasha gesi tu, akaweka sufuria. Nikasikia maji yakianza kuvuma, nikainuka.

Ngozi haikuvimba tena. Miezi ilipita bila kitu kingine. Niliandika kila siku kwenye kalenda ya ukutani alama ndogo ya penseli, na sikuruka hata moja isipokuwa zile tulizokatazwa na daktari. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, niliamka na kuhisi mwili umeamka kabla yangu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa kama kujua kuna mtu mlangoni kabla hajabisha. Nilikaa kitako kitandani, kwenye kile chumba cha watoto, nikalia.

Siku hiyo hiyo nilihamisha mto wangu.

Sitadanganya kwamba nilirudi kuwa kijana. Daktari aliongeza tembe, na hata nazo kuna siku inakubali na siku inakataa. Sijui ni maji, ni tembe, au ni mishipa iliyoamka kwa muda wake. Daktari naye hajui, na amesema hivyo. Ninachojua ni kwamba hatulali tena vyumba viwili.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwa mkulima mmoja juu ya Dundori, nabadilisha mipira. Alikuwa amesikia niliugua nini, akasimama karibu nami akichezea kofia yake. Mwishowe akasema, "Boss, mimi pia wamenipata na hiyo ya tezi. Wanataka kunipasua. Nimekataa. Nasikia ukipasuliwa, ndoa imeisha."

Niliweka spana chini. Nilimweleza yote, na sikuacha nepi, pete nyeusi wala chumba cha watoto. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Na mama watoto nyumbani, alijua lini?"

"Nilichelewa kumwambia. Usirudie kosa langu. Mwambie leo."

Alimwita mkewe hapo hapo kutoka jikoni. Nikaondoka, nikawaachia zizi lao.

Wiki tatu baadaye nilipita kwao asubuhi na pikapu yangu. Mkewe alikaa katikati, yeye akakaa dirishani na mfuko wa nguo magotini, tukateremka hospitalini.