Kuni za Mtoto Asiye na Avenyu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenda kuandikishwa shule, hapa Alunguli, mjini Kindu. Mbele yetu alisimama msichana mdogo aliyekimbia vita na mama yake kutoka upande wa Punia. Karani akamwuliza jina la barabara ya kwao, bila ubaya wowote, "Unakaa avenyu gani?" Mtoto akatazama miguu yake. Karani akarudia swali. Ndipo nikajikuta, mimi kikongwe, napangusa mgongo wa kitenge changu ingawa hakikuwa na vumbi hata chembe. Woga haufi upesi, ndugu yangu. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa na miaka kama tisa vilipotukuta vile vita vya kwanza, vya baada ya uhuru. Mama na mimi tulifika Kindu kwa miguu, yeye na sufuria kichwani, mimi na mkeka. Jamaa hatukuwa naye. Tulilala ndani ya tanuru la matofali kando ya mto, kwa sababu wachomaji wake walikuwa wamekimbia. Mlinuka majivu na popo, na mvua iliponyesha kuta zilitoa jasho jekundu. Kila asubuhi mama alinisimamisha nje, akanipiga mgongoni kwa jani la mgomba mpaka vumbi la matofali litoke kwenye nguo ya shule. Halafu aliniambia neno lile lile: "Kinywa njo mulango ya nyumba yetu. Ufunge."

Alikuwa na sababu. Siku zile mtu ambaye hajulikani analala wapi aliitwa mpelelezi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akilala penye mitumbwi alichukuliwa na watu wenye bunduki mchana kweupe. Ndala zake zilibaki pale juma zima, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Shuleni nako mtoto asiye na avenyu hakuandikwa. Nilipoulizwa, nikataja avenyu niliyoipita asubuhi ile, basi nikafungwa na uongo wangu. Maana kwa ajili ya vita mwalimu hakutuacha tutawanyike. Alitupanga mistari kwa avenyu, tukashikana mikono, naye akatufuata nyuma mpaka kila mtoto aingie kwao. Mimi nilichagua ua usio na wigo, wa bibi mmoja aliyetwanga sombe, majani ya mihogo, kutwa akiipa barabara mgongo. Niliingia kwa madaha kama mwenye nyumba, nikapita nyuma ya jiko lake, kisha nikakimbia kupitia mihogo hadi tanuruni. Moyo wangu ulipiga kuliko mchi wake. Sala yangu ilikuwa fupi: Ee Mungu, asigeuke.

Tulikuwa na desturi moja niliyoipenda sana. Mtoto akiugua na kukosa shule siku mbili, siku ya tatu darasa zima lilimpelekea kuni, kila mmoja kijiti kichwani, wakiimba njia nzima, ili mama yake asimwache peke yake kwenda msituni. Niliipenda mpaka homa iliponishika mimi.

Siku hiyo ya tatu mama alikuwa shambani kwa watu. Nililala nikitetemeka, nikasikia wimbo. Walikuwa wakija. Walipita karibu kabisa na tanuru, nikatambua sauti ya rafiki yangu mmoja aliyekuwa akikosea wimbo siku zote. Wakaendelea kuelekea kwa bibi. Nikajiambia: sasa atasema, mutoto gani? Mimi sina mutoto. Na mwalimu atajua, na mtaa utajua, na wenye bunduki watajua. Wimbo ukakatika. Hata mchi ukanyamaza. Niliuma mkeka nisilie.

Jua lilipoanza kushuka nilisikia hatua nje. Nikajikunyata kwenye kona yenye giza, nikingoja kuona viatu vya askari. Niliona miguu mitupu ya kizee, yenye rangi ya kijani kwa maji ya sombe.

"Toka," sauti ikasema. "Kuni zako ni zito, na shingo yangu haiko ya punda."

Alikuwa amebeba mzigo wote kichwani. Nikapiga magoti. "Bibi, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Kila siku unapita nyuma ya jiko yangu kama kuku ya jirani, unakimbilia hapa. Uliwaza miye kipofu?"

"Uliwaambia nini?"

"Mwalimu aliniuliza mbele ya batoto: Bibi, mutoto wetu iko namna gani? Nikasema: amelala, musimulamushe." Akatua mzigo, akashika kiuno. "Sasa umenifanya muongo mbele ya Mungu, na uzee huu. Simama. Utakuja kulala kwangu na mama yako, ili neno langu likuwe la kweli."

Jioni ile tulikula bugali na sombe yenye mawese mengi, iliyopikwa kwa kuni zangu mwenyewe. Hofu haikuondoka. Wenye bunduki walikuja wakauliza sisi ni nani, na bibi akajibu bila kuinua macho kwenye kinu, "Ni bangu." Nilimaliza mwaka ule wa shule. Nilipotumwa siku moja kuleta daftari la majina, nilichungulia. Avenyu za wenzangu wote zilikuwa zimeandikwa kwa wino. Yangu ilikuwa ya kreyo, ile penseli inayofutika, na mtu alikuwa ameanza kupita juu yake kwa wino, taratibu. Mwalimu alikuwa amejua tangu mwanzo. Alingoja tu iwe kweli.

Tanuru lile mto umelichukua. Bibi na mwalimu Mungu amewapumzisha, na desturi ya kuni imekufa. Watoto wa leo hawajui hata wimbo. Tunaambiwa sasa sheria inampa kila mtoto haki ya shule, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini pale mbele ya karani, yule msichana wa Punia alikuwa bado anatazama miguu yake.

Nikamsogelea, nikamtajia karani avenyu yangu.

"Mama, ni wako huyu?" akauliza.

Nikaweka mkono mgongoni mwa mtoto. 

"Andika kwanza kwa kreyo, baba," nikamwambia. "Mimi naenda naye kumtafuta mama yake, waje kulala kwangu. Kesho utatia wino."