Efrazia na Mbwa Asiyeitwa kwa Sauti

BASOTU, Hanang: Ukungu bado haujaachia mashamba ya ngano, na Efrazia Hhando tayari anapakua uji mzito wa mahindi. Mbwa wa ulinzi wanabweka na kusukumana. Mmoja tu, mweupe, amelala kimya. Efrazia hamwiti. Anakanyaga mbao za sakafu kwa kishindo. Mbwa anafumbua macho, anamwona, anakuja akitikisa mkia.

"Huyu ni Pamba," anasema. "Tangu azaliwe hajasikia kitu."

Efrazia, mjane kutoka Bashay, analea wanawe watatu kwa kazi hii ya kutunza mbwa wa shamba la serikali.

Balaa lilianzia kwenye uzuri. Mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba aliacha mbwa wawili wa kijivu, dume na jike, wenye madoa meusi yaliyotapakaa mwilini. Dume alipopandishwa kwa majike wa kawaida, baadhi ya watoto walitoka na madoa hayo, wazima kabisa. Kila mgeni akatamani wa kwake. Meneja wa shamba akaagiza wale wawili wa madoa wapandishwe wao kwa wao.

Katika uzao huo wawili walitoka weupe. Mmoja, macho yake hayakuumbika vizuri, akafa; wa pili ndiye Pamba. Maneno yakazagaa kambini: mama yao alilishwa vibaya, wengine wakataja laana.

"Nilikosa usingizi," anasema Efrazia. "Wakinifukuza, watoto wangu nawapeleka wapi?"

Msimu wa mavuno, Pamba alitoroka bandani. Efrazia alimwona kwa mbali amejilaza kwenye ngano, na kombaini, mashine ya kuvunia, inamjia. Aliita, mbwa hata sikio hakutikisa. Akakimbia mbele ya mashine akipunga kanga.

Dereva, Nicodemo Bura, alikanyaga breki.

"Mama, umechoka kuishi?"

"Hasikii, baba. Nimemwita, hasikii."

Meneja aliposikia, alitaka Pamba apigwe risasi, na wale wawili wa madoa wapandishwe tena. Efrazia akamsihi aitwe kwanza daktari wa mifugo kutoka Mbulu.

Dk. Joakimu Sulle alipiga makofi nyuma ya Pamba, akamulika macho yake, kisha akauliza wazazi wake ni wepi. Akaonyeshwa wale wawili wa madoa.

"Shikamoo daktari," Efrazia alisema. "Ni chakula changu?"

"Marahaba mama. Si chakula, wala si laana. Doa hilo likitoka kwa mzazi mmoja, mara nyingi halina neno. Likitoka kwa wote wawili, mtoto anaweza kuwa mweupe, kiziwi, hata kipofu. Msiwakutanishe tena."

Meneja akasema, "Basi. Na huyo mweupe aachwe."

Efrazia aliingia jikoni, akalia kwa raha.

Jike yule wa madoa amezaa tena, safari hii na dume wa kahawia asiye na madoa. Efrazia alipogonga sufuria nyuma ya watoto, vichwa vyote viligeuka.

"Nikawagongea tena," anacheka, "nifaidi tu."

Mavuno yakiisha, atampeleka Pamba nyumbani Bashay, kwa mama yake, penye boma lililozungushiwa miti, lenye kondoo wachache.

"Kule hakuna kombaini," anasema. "Mama yangu naye masikio yamechoka. Watakaa wote mlangoni, wakitazama nani anakuja."