Wimbo Uliotoka Chumbani

Uwizeye, binti wa shemeji yangu Xaveri, alizaliwa hapa kijijini kwetu Rugera, na mengi yanayosemwa juu yake katika baa za mji wa Omurushaka si kweli. Hatukumfukuza. Naandika nilivyoona, kwa kuwa mambo yaliishia nyumbani kwangu.

Babu zake walivuka kutoka Rwanda zamani, wakalima hapa na kuzikwa hapa. Nyumbani walisema Kinyarwanda, sokoni Kinyambo, kanisani Kiswahili, na Uwizeye aliimba kwa lugha zote tatu kabla hajamaliza darasa la saba. Kwaya ya usharika ilimlea. Alipofika miaka ishirini aliimba kwenye harusi ya wafanyabiashara Murongo, mpakani. Waganda waliokuwepo wakamwalika kurekodi Mbarara. Hakutoroka. Baba yake alimbebea begi mpaka kwenye geti la mpaka.

Watu wetu waliotawanyika Ubelgiji na Kanada wakampenda, akaimba katika kumbi zao miaka minne. Aliniambia kwa simu kwamba hawakuchoka kudai kitu cha nyumbani, na nyimbo za bibi yake zilikuwa zimemwishia. Ulibaki mmoja.

Katika ukoo wetu, binti anapoolewa, shangazi zake hufunga mlango wa chumba, humpaka samli miguuni na kumwimbia wimbo wa kumuaga, jina lake likitiwa ndani. Nje ya chumba kile hauimbwi, hata kwa kunong'ona. Uwizeye aliusikia utotoni, alipowapelekea maji siku ya dada yake. Akauimba Brussels, ukiwa na jina lake mwenyewe, ngoma na kinanda vikifuata. Ukumbi mzima ulilia. Huo ndio wimbo uliomfanya ajulikane.

Mukamusoni, shangazi yake mkubwa, aliusikia Omurushaka alipopeleka kahawa. Wanaume walikuwa wakiucheza na chupa mkononi. Alirudi kwa miguu, hakungoja gari.

Mwaka jana Uwizeye alirudi kuolewa na Aristides, mwalimu wa Kyerwa. Alitaka kitu kimoja tu: aimbiwe. Kwa kuwa mimi ni mjane wa kaka mkubwa wa baba yake, alinijia kwanza, nami nikamwita Mukamusoni sebuleni kwangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanamuziki. Wanaume wa Omurushaka wanakusalimu. Wanakucheza vizuri."

Uwizeye hakujitetea sana. Alisema kule, kila alipoumaliza, wanawake wazee walimfuata nyuma ya jukwaa kumshika mikono, maana wao waliolewa ugenini bila shangazi hata mmoja.

"Hao nawahurumia," alisema Mukamusoni. "Lakini nitakuimbia nini, mwanangu, ambacho walevi hawajakiimba?"

"Niimbie hivyo hivyo. Mimi sijawahi kuimbiwa."

Akatoa simu, akaufuta wimbo kwenye kurasa zake zote mbele yetu. Mukamusoni aliitazama ile simu, kisha akauliza Jumamosi, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, aje saa ngapi.

Alikuja na wadogo zake wawili na kibuyu cha samli. Tukafunga mlango. Uwizeye alikaa mkekani akanyoosha miguu. Mukamusoni akafumba macho, akaanza, na alipokaribia kulitaja jina, spika za nje zikalipuka. Dijei wa sendofu, akitaka kumheshimu bibi harusi, aliuweka wimbo wake kwa sauti ya juu kabisa, na wageni wakaitikia. Hakuna aliyekuwa amemwonya, kwa sababu kumwonya kungetulazimu kuutaja, na wimbo ule hautajwi mbele ya watu.

Mukamusoni alingoja. Ulipoisha, wageni wakadai urudiwe. Akajifuta mikono kwa kanga, akafungua mlango.

"Wanakuita," alisema.

Uwizeye akavaa viatu, mguu mmoja umepakwa na mwingine bado, akatoka.

Sasa yuko Kyerwa na mumewe. Watu wa Ubelgiji bado wanampigia simu, naye huwaambia anapumzika.