Kanda ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu, mdogo wa mama wa tumbo moja, alikuwa somo, yaani kungwi. Mabiharusi aliowafunda Mji Mkongwe hawahesabiki. Alipofariki aliacha kanda moja tu yenye sauti yake, iliyorekodiwa chumbani kwa mwari miaka ya themanini: nyimbo za ndani, ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia. Mama aliificha kabatini, imeviringwa kwenye kanga. Kufikia miaka ya elfu mbili alikuwa hawezi tena kushuka ngazi, redio ya kaseti imekufa, na jambo moja tu alilolitaka duniani ni kumsikia mdogo wake.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa kujifunza mwenyewe, na siku zile kiburi changu kiliushinda ujuzi wangu. Chini ukumbini nilikuwa na kompyuta ya Linux niliyoiunga kwa vipande vya mashine mbovu. Nikamwahidi mama kuigeuza kanda iwe faili, kisha nyimbo zipande kwa waya hadi chumbani kwake, kwenye kisanduku kidogo cha kuchezea muziki.

"Lakini usisikilize," alisema.

"Naam, mama."

"Nshakwambia. Ukisikiliza sikupi radhi."

Nikaazima deki ya kaseti, nikaiunga kwenye kompyuta, nikazima spika, nikakaa saa nzima nikitazama vijistari vya kijani vikipanda na kushuka. Nilipoirudisha kanda mwanzo, deki ikaitafuna. Sikujali, faili ninalo.

Wiki nzima mama alisikiliza, mlango umefungwa, sauti ameipunguza. Nikipita nje nilimsikia akicheka peke yake, halafu akilia. Nilijiona mwana wa maana kweli.

Intaneti tulikuwa tukichangia na jirani wa ng'ambo ya kichochoro, waya umepita dirishani. Programu niliyoitumia kumpandishia mama nyimbo huzigawa kwa kila kifaa kilicho kwenye waya, mpaka uifunge mwenyewe. Maelezo yalisema hivyo waziwazi. Niliyaruka kwa haraka zangu. Ijumaa, baada ya sala, wanaume wamejaa barazani, jirani akawasha kisanduku chake kipya, akaona folda asiyoijua, akabonyeza. Hakuwa na nia mbaya, masikini.

Sauti ikatoka dirishani kwake: nzito, yenye mzaha, ikimfundisha mwari mambo ya kitandani bila kupindapinda. Barazani wakacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia mama mdogo akiimba. Alikuwa na sauti nzuri mno.

Nilipanda ngazi mbio. Mama alikuwa amesikia yote, vicheko pia.

"Umemvua nguo mdogo wangu mbele ya wanaume," akasema. "Na yeye hawezi kujisitiri. Ifute."

"Mama, hakuna nyingine. Kanda imekatika. Ntaifunga, asiisikie mtu ila wewe."

"Ifute, nnakwambia!"

Nikafuta. Nimekuwa mbishi tangu utoto, hata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilichapwa kwa ubishi, lakini siku ile aibu ilinishika nikatii kila neno. Nilifuta mpaka nakala ya akiba.

Baada ya miezi michache maradhi yakamzidi mama. Asubuhi moja aliniita nikae kitandani karibu naye.

"Kweli hukubakisha hata wimbo mmoja?"

"Sikubakisha, mama."

Akanitazama machoni. Alikuwa akitumai kwamba nilimdanganya.

"Umefanya vyema," akasema, akageukia ukutani.