Kisu Changu Kiko kwa Elinipa

Kuna alasiri moja ya kumenya ndizi, mwanangu, sijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona aibu.

Huku kwetu Meru hakuna mama anayetumiwa kadi kwenda kumenya ndizi za harusi. Ukisikia kwa fulani kuna shughuli, unafunga kisu chako kwenye khanga unakwenda. Mnatandika majani ya migomba, mikungu inawekwa katikati, mnamenya huku mnasema watu. Asiyekuja anasemwa yeye. Mwenye kisu ni mtu wa pale. Asiye na kisu ni mgeni, au mtoto.

Siku hiyo akaja Mama Ndeanka, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa ametoka hospitali mjini alikolazwa kwa ugonjwa wa akili. Sisi wasichana hatukuuita ugonjwa. Tulisema kachizika, tukacheka. Basi akaweka kisu chake chini, akaenda kunawa mikono. Mimi nikakichukua haraka nikakifukia kwenye maganda.

Aliporudi akatafuta. Akainua majani, akatazama nyuma yake, akatutazama sisi. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Mama Ndeanka, wewe pumzika tu. Ndizi zitajimenya."

Wakacheka, na watu wazima walikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyenikemea, na hilo nalo naliandika. Mama Ndeanka akakaa, mikono mapajani, mpaka jua likazama, kisha akaenda zake.

Mimi nikakua, nikaolewa, nikamzaa Anaeli, mwanangu wa kwanza. Baada ya kujifungua usingizi ukanikimbia. Nikawa nasikia watu wananisema kule kwenye migomba, nikitoka sioni mtu. Nikamwogopa mtoto wangu mwenyewe, nikidhani wamembadilisha. Mzee Elirehema, mzee wa kanisa, akasema ni laana ya ukoo wa mama yangu. Wifi yangu Elinipa akasema nimejitakia, eti nilikuwa najiona sana. Nawataja kwa majina kwa sababu wote wawili wako hai. Wakisoma hapa waje tuzungumze, chai ipo.

Miezi miwili mume wangu aliwasikiliza hao. Siku alipochoka alinipandisha gari tukateremka mjini hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo tu. Akamwamkia mume wangu shikamoo, akamwambia, "Baba, huu ni ugonjwa. Huwapata baadhi ya akina mama wakishajifungua, na unatibika." Basi, hakuuliza ukoo wa mtu. Dawa zilinipa usingizi, zikaninenepesha mpaka magauni yakakataa, lakini zile sauti zilinyamaza. Nikambeba Anaeli nikamjua ni wangu, ana masikio ya baba yake.

Nikarudi nyumbani nimepona. Kumbe kupona kwenyewe kulikuwa bado.

Mdogo wa mume wangu alikuwa anaoa. Nikafunga kisu kwenye khanga, nikaenda. Elinipa akanipokea pale uani.

"Karibu, wifi. Hicho nini?"

"Kisu."

"Lete nikutunzie."

"Unitunzie wakati nimekuja kumenya?"

"Wewe pumzika, mgonjwa wetu. Hapa pana watoto."

Akakichukua akaingia nacho ndani. Nami nikakaa kwenye majani ya migomba, mikono mapajani. Mama aliyekuwa karibu yangu akasogea kidogo, kama anayetafuta kivuli, na kivuli kilikuwa kwangu. Nilijua nikiondoka pale bila kumenya hata ndizi moja, sitakwenda tena kwenye shughuli yoyote, na Anaeli wangu atakua akiitwa mtoto wa yule mwenda wazimu.

Ndipo upande wa pili akasimama Mama Ndeanka. Alishazeeka, wote tukimwita Bibi. Akavuka mikungu polepole, akajiteremsha kando yangu, magoti yakilia. Akanipa kisu chake, mpini ukiwa upande wangu.

"Menya."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nimemenya vya kutosha. Halafu kile changu cha zamani ulikifukia wewe kwenye maganda. Nilikuona."

Mwanangu, nilitamani nifukiwe mimi. Elinipa akapaza sauti kutoka mlangoni, kisu mkononi:

"Bibi! Huyo bado anameza dawa!"

"Na mimi nameza mpaka leo," Bibi akajibu. "Wewe unameza za presha, mbona umeshika kisu?"

Wamama wakapasuka kwa kicheko. Yule aliyesogea akarudi karibu yangu, akaniambia, "Haya, menya basi, nyama inaiva." Nikamenya kama mtu anayekimbizwa. Elinipa akaja kukaa mbele yangu kushindana nami, kwa hasira, akikata maganda mazito mpaka ndizi inabaki kama kidole cha mtoto. Mama mkwe akamwambia aende akakorofishe vitunguu. Jioni rundo langu lilikuwa limenificha mpaka kifuani. Utomvu ulinigandia mikononi, mweusi, nami sikuupaka mafuta uondoke. Jumapili nikaenda nao kanisani, nikampa Mzee Elirehema mkono.

Jioni ile ile ya ndizi, wakati wa kuondoka, nilimuuliza Bibi, "Siku ile uliniona. Mbona hukusema?"

Akaniambia, "Ningesema kisu changu kimeibiwa, nani angemwamini aliyetoka hospitali ya vichaa? Wangesema ndiyo hayo yameanza tena."

Alisema bila hasira. Hasira ninayo mimi, mpaka leo, na nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Upendo fundi cherehani amerudi wiki iliyopita kutoka hospitali, alikolazwa kwa ugonjwa wa akili kama sisi. Ndiye aliyewashonea sare za kwaya, tena bila kukosea kipimo cha mtu. Nimewasikia, wewe na wenzako wa kwaya, mkinong'ona baada ya mazoezi kwamba Jumamosi, kwenye ndizi za harusi kule Moshono, asikaribie jikoni. Mnaniamkia shikamoo vizuri, kisha mnasema maneno niliyoyasema mimi nikiwa na miaka kumi na sita.

Sikiliza nikueleze. Mtu akiwa katikati ya ugonjwa, usimfiche ndani na usimpigie ramli. Mpeleke hospitali mapema, miezi miwili ni mingi. Akirudi, usimwambie apumzike kama hajaomba kupumzika. Mpe kazi aliyokuwa akiifanya, mkae pamoja, umcheke akikosea kama unavyowacheka wengine. Ukitaka kujua anaendeleaje, muulize yeye, usimuulize jirani yake. Na dawa akimeza mbele yako, mpe maji ya kumezea. Mimi dawa zilinyamazisha sauti, lakini kilichonirudisha kwa watu ni kile kisu cha Bibi Ndeanka. Ametangulia, Mungu amlaze pema, na mimi sikuwahi kumwomba radhi inavyostahili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko la Elinipa.

Ila la Elinipa pia liko pale pale. Kisu changu alikiingiza ndani siku ile na hajakirudisha. Mpini wa mti, una alama ya moto karibu na chuma. Nakiona kila nikienda kwake kunywa chai, anakatia mboga. Wifi, ukisomewa haya, Jumamosi njoo nacho Moshono. Usinipe mimi. Mpe Upendo, mbele ya watu, nami sitakudai tena.

Nawe mwanangu, Mungu akulinde akili yako na akili za unaowapenda. Siku ikikulemea, akupe mtu wa kuvuka mikungu aje kukaa kando yako. Na Jumamosi jioni nikikushika mkono, niukute mweusi kwa utomvu, na wa Upendo uwe mweusi zaidi.